Amehamia kwa Wapinzani Wetu

Msimu wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani umemalizika, na barua nyingi mlizotuletea zinazungumzia jambo moja: mchezaji mpendwa aliyehamia chuo kingine. Tumechagua tatu. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu inasema waziwazi yale ambayo wengine wameyagusia kwa mbali.

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Nilisoma katika chuo kikuu kimoja nchini Marekani, na tangu nilipohitimu sijaacha kuifuatilia timu yake ya mpira wa kikapu. Kwa misimu miwili nimemtazama kijana mmoja akikua. Alipofika, hata mitupo huru ilikuwa ikimshinda. Alipoondoka, ndiye aliyekuwa akipewa mpira katika sekunde za mwisho. Kila aliposimama kwenye mstari wa mitupo huru aliinua kiatu na kufuta soli kwa kiganja, kwanza cha kushoto kisha cha kulia, na binti yangu mwenye umri wa miaka 8 hufanya hivyohivyo akicheza. Mwezi wa Aprili kijana huyo alitangaza kwamba anahama, na kabla ya wiki kuisha tukasikia kwamba amekwenda kwa wapinzani wetu wakubwa. Nililia, na ninaona aibu kukiri. Mume wangu anasema huo ni mchezo tu. Mdogo wangu wa kiume alimwandikia yule kijana matusi mtandaoni, nami sikumkataza. Je, nina haki ya kumkasirikia mchezaji huyu? Na binti yangu nimwambie nini?

JIBU: Dada yangu, machozi hayo usiyaonee aibu. Katika mpira wa kikapu wachezaji watano tu wa kila timu ndio huwa uwanjani, hawavai kofia wala kinga ya kuficha uso, na anayewatazama kwa misimu miwili huwajua kama anavyowajua watoto wa jirani: nani hukunja uso akikosa, nani humkimbilia mwenzake aliyeanguka, nani hufuta soli ya kushoto kabla ya kulia. Ulimpa kijana huyo uangalifu wako, na uangalifu wa namna hiyo ni aina ya upendo. Mumeo hakukosea kusema kwamba ni mchezo, ila amekosea kwenye lile neno «tu».

Hata hivyo, ningependa tuutazame uchungu wako kwa karibu, kwa maana sidhani kwamba unatokana na kuondoka kwenyewe. Hasheem Thabeet, Mtanzania tunayemkumbuka wengi wetu, alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006, akacheza misimu 3, akawa nguzo ya timu iliyofika hatua ya nne bora mwaka 2009, na mwaka huohuo akachaguliwa wa 2 katika NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, na timu ya Memphis Grizzlies. Mchezaji anapoondoka kwa njia hiyo, shabiki hujisikia kama mzazi anayemsindikiza mwana anayekwenda kuanza maisha yake. Kinachouma ni kuondoka kwa kwenda kando, chuo kwa chuo, kwa sababu kunamwambia shabiki kwamba nyumba yake ililinganishwa na nyingine ikaonekana haitoshi. Na nyumba hiyo nyingine ikiwa ya mpinzani, uchungu huongezeka maradufu.

Uchungu huo ni halali. Hasira dhidi ya kijana ndiyo ninayoitilia shaka, na nitaeleza kwa nini.

Kwa miaka mingi, mchezaji wa mpira wa kikapu wa daraja la kwanza, yaani ngazi ya juu kabisa ya michezo ya vyuo, aliyehama chuo alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza, wakati kocha aliyemshawishi ajiunge na chuo kile angeweza kuhama leo na msimu unaofuata akasimama mbele ya benchi la timu nyingine. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kilianzisha mfumo wa kusajili wanaotaka kuhama Oktoba 2018, na Aprili 2021 kikaruhusu kila mchezaji ahame mara moja bila kukaa nje. Desemba 2023 mahakama ya shirikisho huko West Virginia ilisimamisha kizuizi kilichokuwa kikiwabana waliohama zaidi ya mara moja, kufuatia kesi iliyofunguliwa na wanasheria wakuu wa majimbo kadhaa, na Aprili 2024 NCAA yenyewe ikaondoa ukomo huo kwa wale wanaotimiza masharti ya masomo. Hapohapo fedha nazo ziliingia. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vinaweza kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, kwa kiwango kilichoanzia takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka kwa michezo yote ya chuo kimoja. Kijana wako alizikuta kanuni hizi zikiwa tayari, na mlango alioupitia ulikuwa wazi kwa kila mtu.

Mtazame Walter Clayton Jr. Alicheza misimu miwili katika chuo cha Iona, ambacho si miongoni mwa vyuo vikubwa vya mchezo huu. Mwaka 2023 kocha wake, Rick Pitino, aliondoka kwenda chuo cha St. John's, naye Clayton akahamia Chuo Kikuu cha Florida. Tarehe 7 Aprili 2025 Florida iliishinda Houston kwa pointi 65 dhidi ya 63 na kutwaa ubingwa wa taifa, na Clayton akatajwa kuwa mchezaji bora wa hatua ya nne bora. Usiku ule mashabiki wa Florida walimwita kijana wao, na walikuwa na kila sababu. Lakini nawafikiria pia wale mashabiki wachache wa Iona waliomwona kabla ya dunia kumwona, wakiitazama furaha iliyowahi kuwa karibu kuwa yao. Sasa, dada yangu, chukua orodha ya kikosi cha timu yako na usome walikotoka wachezaji waliobaki. Nina hakika kubwa kwamba utakuta mmoja au wawili waliowaliza watu kwingine ndipo wakaja kwenu, na hao uliwapokea kwa mikono miwili bila kuuliza wamemwacha nani.

Kwa mdogo wako sina neno laini. Afute alichoandika, na kama ujumbe ulimfikia kijana mwenyewe, amwombe radhi kwa sentensi moja, bila kujitetea. Matangazo ya kuhama tumeyasoma wengi: picha yenye rangi za chuo, shukrani kwa Mungu, kwa wazazi, kwa makocha, kwa wachezaji wenzake na kwa mashabiki, kisha mwishoni sentensi moja inayosema kwamba jina lake linaingia kwenye usajili wa uhamisho. Aliyeandika hayo ni kijana wa miaka 19 au 20. Huenda kocha alimwita ofisini na kumweleza kwamba msimu ujao dakika zake zitapungua. Huenda mama yake ni mgonjwa. Huenda ni fedha tu, na hilo nalo si dhambi kwa mtu ambaye goti lake likivunjika kesho hakuna atakayemnunulia jezi. Sisi hatujui, na ndiyo maana matusi hayana pa kusimama. Nawe ulipaswa kumkataza, kwa kuwa ulikuwa ukijua.

Binti yako mwambie ukweli kama ulivyo: amehama, na wewe umehuzunika. Usimwambie kwamba kijana ni msaliti, maana mtoto wa miaka 8 atalibeba neno hilo na kumbandika rafiki yake atakayebadilisha shule. Na soli aendelee kuifuta. Soli safi humsaidia asiteleze, hata kama hakuijua sababu alipoiga.

SWALI: Je, mchezaji anaweza kuhama kila mwaka hadi amalize chuo? Na masomo yake yanakuwaje?

JIBU: Kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2024, ndiyo, mradi masomo yake yanakwenda sawa na amejisajili ndani ya muda uliowekwa. Kwa wanaume, mwaka 2025 muda huo ulikuwa siku 30, kuanzia 24 Machi hadi 22 Aprili. Mchezaji huiarifu ofisi husika ya chuo chake, nayo hupaswa kuliingiza jina lake ndani ya siku mbili za kazi. Baada ya hapo kocha yeyote anaweza kuzungumza naye. Upande wa masomo ndio mashabiki wengi hawauoni. Kabla ya mwaka wa 3 mchezaji wa daraja la kwanza anapaswa awe amekamilisha asilimia 40 ya masomo ya shahada yake, kabla ya mwaka wa 4 asilimia 60. Chuo kipya hakilazimiki kuyapokea masomo yote aliyosoma kwingine, hivyo anayehama mara tatu anaweza kujikuta na kozi nyingi zisizojenga shahada moja. Hilo linanihuzunisha kuliko pointi zinazohama naye, na ningependa wazazi waliulizie kabla ya kuuliza habari ya malipo.

SWALI: Atakaporudi kucheza ukumbini mwetu akiwa na jezi ya wapinzani, tumzomee?

JIBU: Watu watazomea, na sidhani kwamba kuna atakayewazuia. Kocha John Calipari aliifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Kentucky kwa misimu 15 na kuipa ubingwa wa taifa mwaka 2012, lakini aliporudi Rupp Arena, ukumbi wa Kentucky, tarehe 1 Februari 2025 akiwa kocha wa Arkansas, pamoja na baadhi ya wachezaji waliomfuata, ukumbi ulimzomea. Arkansas ikashinda kwa 89 dhidi ya 79. Kwa kocha mtu mzima, mwenye mshahara wa mamilioni, kelele hizo naweza kuzielewa. Kwa mwanafunzi ningeomba jambo tofauti. Jina lake likitajwa kabla ya mchezo kuanza, simameni mpige makofi, kwa ajili ya misimu aliyowachezea. Kisha mpira ukirushwa juu, kaeni upande wa timu yenu kwa sauti zote mlizo nazo, na akienda kwenye mstari wa mitupo huru pigeni kelele kama mnavyompigia mpinzani yeyote. Ataufuta mguu wa kushoto kwanza, nanyi mtakuwa mnajua kabla ya mtu yeyote upande wa pili.