Maswali na Majibu: Somo Uliloacha Bado Liko Kwenye Buleteni

Buleteni, zile ripoti za alama, za semesta ya kwanza zimetoka hapa Lubumbashi, na tangu hapo barua zinazonifikia zinauliza jambo lile lile: niache somo fulani ili nguvu zangu ziende kwenye mengine kabla ya Egzeta, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari? Nimechagua chache. Kwanza ombi ambalo nimelirudia mara nyingi: andika opsio yako, yaani mchepuo unaosoma, na mwaka uliomo. "Mwalimu, hisabati zinanisumbua, niache?" Kwa swali la namna hiyo siwezi kukusaidia. Hisabati za pedagojia haziko sawa na zile za mat-fizik, na mtoto wa mwaka wa 1 wa humanite, ile miaka minne ya mwisho ya sekondari, ana njia ambazo wa mwaka wa 4 hana tena.

Jambo Mwalimu. Niko mwaka wa 4 bio-shimi, Kampemba. Fizikia imenishinda, nimepata 11 juu ya 40 kwenye mtihani. Nikiiacha nisome biolojia na kemia tu, itanipunguzia asilimia ngapi?

Mdogo wangu, kwetu Kongo somo haliachwi. Kinachochaguliwa ni opsio, na ukishaingia, masomo yake yote ni yako mpaka diplome. Hicho unachokiita kuacha ni kukaa darasani daftari likiwa limefungwa. Mwalimu ataendelea kuandika alama zako, na fizikia itabaki kwenye buleteni na maksima yake, yaani alama za juu kabisa zinazowezekana, kwa wino mwekundu.

Asilimia umeniuliza, basi tupige hesabu. Mtihani wako ni juu ya 40, kwa hiyo kila perioda, kile kipindi cha alama za darasani, ni juu ya 20, maana mtihani hubeba uzito wa perioda mbili. Semesta moja: 20 na 20 na 40, jumla 80. Mwaka mzima: 160. Sasa shuka chini ya buleteni, tazama jumla ya maksima ya mwaka, ugawe 160 kwa jumla hiyo. Jibu utakalopata ndicho kipande cha mwaka wako unachotaka kukitupa. Somo la maksima 10 kwa perioda lina 80 tu kwa mwaka mzima, kwa hiyo fizikia yako ni sawa na masomo mawili ya namna hiyo. Na Egzeta nayo itakuuliza fizikia.

Lakini neno "imenishinda" ndilo ninalotaka tulichunguze. Mwaka fulani binti mmoja wa Bel-Air aliniletea daftari lake la fizikia akilia. Tulikaa jikoni kwao, mama yake akisonga bukari. Swali lilikuwa la mwendo: umbali robo tatu ya kilomita, muda nusu saa, tafuta kasi. Fomula aliiandika bila kosa na akaipigia mstari kwa rula. Kisha akafika kwenye robo tatu kugawa kwa nusu, kalamu ikasimama. Nikaifunga fizikia, nikachukua kikombe na maharagwe. Nikajaza robo tatu ya kikombe, nikamwambia: pima kwa nusu kikombe, zinatoka nusu ngapi? Alipima nusu moja, akaona inayobaki ni nusu ya nusu. "Moja na nusu," akasema, akageuka kuliangalia lile swali. Fizikia haikumshinda kamwe. Kilichomshinda ni kugawa sehemu, kitu cha shule ya msingi, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyerudi kumwonyesha.

Basi leo jioni chukua karatasi yako ya mtihani. Mbele ya kila alama uliyopoteza andika sababu: sikuelewa Kifaransa cha swali, sikujua fomula, nilikwama kwenye hesabu, sikufika. Ukimaliza zihesabu. Ikiwa nyingi ni za kukwama kwenye hesabu, tafuta mtu wa kukufundisha sehemu na kubadili vipimo, na usilipe repetitere (mwalimu wa ziada) wa fizikia kwa kazi hiyo.

Je, dini naweza kuiacha? Haina faida kwa mtu wa ufundi.

Ni alama rahisi kuliko zote kwenye buleteni yako. Soma.

Mimi ni papa wa mtoto wa mwaka wa 2, Latin-filo, Ruashi. Anataka kuacha Kilatini, na mimi namuunga mkono. Ni lugha ya watu waliokufa.

Papa, Kilatini ndicho kilichoipa opsio hiyo jina. Mtoto hawezi kukaa Latin-filo bila Latin. Swali hili lilikuwa na siku yake, na siku hiyo ilikuwa mwishoni mwa mwaka wa 8, kabla ya humanite, mtoto alipofanya TENASOSP, jaribio la taifa la kuchuja na kuelekeza wanafunzi. Jaribio lile lina neno "orientesio" ndani ya jina lake, lakini katika nyumba nyingi hakuna anayelikumbuka. Wazazi wanachagua shule iliyo karibu, au yenye ada wanayoiweza, au ile aliyosoma mjomba, na opsio inakuja yenyewe kama nyongeza ya sokoni.

Siwalaumu wazazi peke yao. Shule inapokea pesa za kuandikisha na inatoa orodha ya vifaa: daftari, rula, kitambaa cha yunifomu. Orodha ya masomo ya miaka minne, pamoja na maksima ya kila somo, haitoi. Idaini. Ni haki yako kuiona kabla hujatoa faranga hata moja.

Kwa mtoto wako, mwende wote wawili kwa prefe, mkuu wa shule, mwezi huu, msisubiri likizo kubwa. Muulizeni kama kubadili opsio kunawezekana na kwa masharti gani. Huenda akaambiwa arudi mwaka mmoja nyuma, kwa sababu masomo ya opsio mpya hajayagusa. Mwaka mmoja unauma, najua, na ada ya mwaka mmoja inauma zaidi. Akifika mwaka wa 3 mlango huo umefungwa, na hapo atajifunza Kilatini au ataanguka.

Mwalimu, niko mwaka wa 4 pedagojia, Katuba. Nilikuja opsio hii juu ya kukimbia hisabati, na bado zinanifuata. Niziache? Mimi nitakuwa mwalimu wa shule ya msingi, sitakuwa enjinia.

Binti yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, kwa sababu ni barua niliyokuwa naiogopa.

Ukipata diplome yako ya pedagojia, ile D6, unaweza kupewa darasa la shule ya msingi kesho yake. Mwalimu wa msingi hafundishi somo moja. Anafundisha yote, na hesabu ziko kwenye ratiba ya kila wiki. Utasimama mbele ya watoto hamsini, pengine zaidi, na kati yao yuko yule atakayekuja miaka tisa baadaye kumwambia mtu kwamba fizikia imemshinda. Robo tatu kugawa kwa nusu: wewe ndiye utakayemfundisha, au wewe ndiye utakayeuruka ukurasa.

Nimekaa nyuma ya madarasa nikiwasikiliza wanafunzi wa pedagojia wakifanya mazoezi ya kufundisha. Mmoja simsahau. Fishi yake ya maandalizi ilikuwa safi, malengo yameandikwa vizuri, ubao umegawanywa kwa mstari ulionyooka. Somo lilikuwa kutoa kwa kukopa, 402 toa 157. Alipofika kwenye sifuri ya katikati alisita, akakopa kwenye 4 moja kwa moja, akaiacha sifuri kama ilivyo. Mtoto wa dawati la mbele akanyosha kidole: "Mwalimu, sifuri imekopa wapi?" Alimwambia ashushe mkono. Mtoto aliushusha. Alichokuwa ameuliza kilikuwa sahihi kabisa, na alijifunza siku ile kwamba kuuliza ni kosa.

Usisahau pia kwamba pedagojia ina jaribio la vitendo kabla ya sesio kuu ya Egzeta. Utafundisha mbele ya juri, na somo la kufundisha linaweza kuwa la hesabu.

Kwa hiyo usiache. Anza na vitabu vya mwaka wa 4, wa 5 na wa 6 wa msingi, ndivyo utakavyofundishia. Kila siku chukua somo moja, mfundishe mdogo wako nyumbani kwa sauti, na muachie aulize kila anachotaka. Pale utakapokwama mbele yake ndipo pa kwenda kumuuliza mwalimu wako wa hisabati. Muulize bila haya. Kuuliza ukiwa mwanafunzi ni rahisi kuliko kuuliza ukiwa tayari umeshika chaki.

Mimi ni mtu wa sayansi, mat-fizik. Kifaransa kinanila muda. Naweza kukiweka pembeni mpaka Egzeta iishe?

Egzeta yenyewe inaanza na Kifaransa. Kabla ya sesio kuu kuna insha na mtihani wa mdomo, vyote kwa Kifaransa. Kisha sesio kuu ya siku nne, na maswali ya hisabati na fizikia unayoyapenda yameandikwa kwa Kifaransa pia. Ukikosa kutofautisha "au plus" (si zaidi ya) na "au moins" (si chini ya) umepoteza swali ambalo hesabu yake unaijua. Ukienda UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, iwe Politekniki au kitivo chochote, mafundisho ni kwa lugha hiyo hiyo.

Nitaongeza jambo ambalo hukuuliza. Watoto wetu wa Lubumbashi wanaota kwa Kiswahili, wanacheza kwa Kiswahili, halafu tunawaambia hawana akili ya biolojia, wakati walichokosa ni maneno kumi ya Kifaransa kwenye swali. Mwalimu anayeeleza "osmose" kwanza kwa Kiswahili, kwa mfano wa zabibu kavu zilizolowekwa maji usiku, kisha akawapa sentensi ya Kifaransa waiandike, anafanya kazi yake vizuri. Anayempiga mtoto kwa kuongea Kiswahili darasani hafundishi Kifaransa wala biolojia. Wewe fungua ukurasa wa maneno nyuma ya kila daftari la sayansi: neno la Kifaransa, maana yake kwa maneno yako. Hiyo itakusaidia kuliko kurudia konjugezoni za vitenzi usiku kucha.

Mwanangu anasoma Tanzania, kwa mjomba wake Mbeya, Form 3. Anasema huko wanaruhusu kuacha fizikia na kemia. Anataka kuwa daktari. Nimruhusu?

Mama, huko ni kweli kabisa, desturi hiyo ipo: baada ya mtihani wa Form 2 wanafunzi wengi wanaachana na fizikia na kemia na kubaki na masomo mengine, yakiwemo hisabati na biolojia. Wanaona ni busara, kwa kuwa divisheni (daraja la ufaulu) ya Form 4 inahesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Mtaala wao umeanza kubadilishwa, kwa hiyo mwambie mjomba aulize shuleni kanuni ya darasa la mtoto ikoje.

Ila anayetaka udaktari anahitaji kuingia Form 5 na mchepuo wa PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia. Akiacha mbili za kwanza leo, ameuacha udaktari leo, hata kama bado anautaja. Mwambie hivyo kwa simu, wewe mwenyewe. Na mtunzie vyeti vyake vya asili vyote, maana akirudi kusoma chuo hapa atadaiwa ekivalansi, uthibitisho kwamba vyeti hivyo vinalingana na vya hapa.

Kuna kundi la WhatsApp linauza majibu ya Egzeta. Nikilipa, si naweza kuacha kozi ngumu?

Swali hili huja kila mwaka, na kila mwaka najibu vilevile. Katika chumba kimoja wanafunzi hupewa seri tofauti za maswali. Majibu ya seri ya jirani yako ni makosa kwenye karatasi yako. Simu hairuhusiwi kuingia, na ukikamatwa nayo unaweza kupoteza sesio nzima. Anayekuuzia atakuwa amezima namba yake kabla hujatoka chumbani.

Wazazi, mnaposikia mtoto anaomba pesa za "maandalizi" wiki ya mwisho, muulizeni zinaenda kwa nani. Nimeona mama akiuza mfuko wa mahindi kwa ajili hiyo.

Sisi ni wa mwaka wa 4 Komersiali. Hatujaacha somo, somo limetuacha sisi. Mwalimu wa kontabilite (uhasibu) alikwenda na hajarudi, wiki ya sita sasa. Tufanye nini?

Hii ndiyo barua iliyonigusa kuliko zote, na mmeandika kwa heshima.

Kontabilite ni mgongo wa opsio yenu, msikae mkisubiri. Mkuu wa darasa aandike barua fupi kwa prefe: tarehe ya somo la mwisho, sura mliyofikia, majina ya darasa zima chini. Mfanye nakala mbili, moja ibaki kwenu na muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo kwenye korido hayabaki popote. Mpelekeeni pia komite ya wazazi.

Wakati huo huo, programu ni ya taifa zima. Mwanafunzi wa Komersiali wa shule nyingine ya komini ya Kenya au Kamalondo, hapa hapa Lubumbashi, anafuata sura zile zile. Mkopeni daftari, mgawane kunakili: huyu jurnali, yule kitabu kikuu, mwingine balansi. Jumamosi mkutane, kila mmoja aeleze sehemu yake ubaoni na afanye zoezi moja mbele ya wenzake mpaka debiti na krediti zilingane. Zisipolingana msiruke, tafuteni kosa pamoja.

Mkitafuta vitabu vya zamani vya kaka na dada zenu, angalieni mwaka. Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara na uhasibu, mwaka 2012, na mpango wa akaunti uliokuwepo kabla ya hapo sio mnaofanyia mtihani. Na kile cha baada ya 2012 kikaguliwe pia, kwa sababu mfumo huo ulirekebishwa na marekebisho yakaanza kutumika Januari 2018. Niandikieni prefe akishajibu, na mniambie mmefika sura ya ngapi.