Maswali na Majibu ya Vitabu: Mpenzi Kaondoka, Riwaya Imekwama

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu New Moon, kitabu cha pili kati ya vinne vya Stephenie Meyer juu ya Bella, msichana wa mji mdogo wa Forks huko Marekani, na Edward, kijana mnyonya damu. Kilitoka mwaka 2006, na bado kinapita mkono kwa mkono hapa Lamu.

*Kitabu cha kwanza nilikimaliza haraka sana. Hiki cha pili, Edward ameondoka nami nimekwama. Niendelee? (Mwanafunzi, Langoni)*

Endelea, mwanangu, ila ujue unakokwenda. Sherehe ya siku ya kuzaliwa ya Bella inaharibika: anajikata kidole kwa karatasi, damu inatoka, na Jasper, nduguye Edward, anamrukia. Baada ya hapo Edward anamwacha msituni, na hatumwoni tena mpaka karibu na mwisho, kule Italia. Wengi huchoka hapo katikati.

Lakini rudia zile kurasa zenye neno moja moja tu: Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Hakuna sentensi hata moja. Hapo Meyer ameandika vizuri sana, maana mtu aliyeachwa vile hana la kusimulia. Uzito unakuja baadaye. Bella anazinduka, lakini riwaya yenyewe bado imekaa inamngoja Edward.

*Kwa nini kitabu cha pili huwa dhaifu kuliko cha kwanza? (Msomaji, Malindi)*

Si kila cha pili, ndugu yangu. Hiki kina sababu yake. Meyer ameeleza kwamba mwendelezo aliouandika mwanzo uliitwa Forever Dawn, nao uliruka miaka ya shule ya sekondari. Hivi vya katikati alikuja kuviandika baadaye. Kwa hiyo alipokaa kuandika New Moon, mwisho wa mapenzi yale alikuwa nao tayari, na kuachana kwao kusingeweza kubadilisha kitu.

Ndivyo inavyosomeka. Baada ya Volterra, ule mji wa Italia Bella anakomfuata, Edward anaeleza kwamba alidanganya ili kumlinda. Bella anasita kidogo, kisha miezi ile yote ya maumivu inafutwa. Mimi sina ugomvi na kuondoka kwake. Kinachoniudhi ni kwamba amerudi bila kulipa chochote, na deni lake kalipa Jacob, rafiki wa Bella. Jacob ndiye aliyekaa na yule msichana gerejini, akifufua pikipiki mbili mbovu kipuri kwa kipuri, wakipiga soga mpaka jioni. Pale ndipo Bella anapoanza kucheka tena. Kwangu mimi hizo ndizo sura bora za kitabu kizima, zina joto la watu wawili wanaofanya kazi pamoja, halafu mwandishi anaziweka kando mara tu mpenzi wa zamani anapotajwa. Msomaji aliyempenda Jacob ana haki ya kuhisi amedhulumiwa.

*Binti yangu wa miaka 15 anasoma mapenzi ya wanyonya damu. Si ndiyo yale yale ya jini mahaba? Nimkataze? (Mama, Mkomani)*

Usimkataze, mama. Soma naye. Na umegusa penyewe, kwani sisi watu wa pwani hadithi ya mpenzi asiye binadamu tumekua nayo. Jini mahaba husimuliwa kuwa humjia mwanamke ndotoni, humwonea wivu, humfungia njia ya kuolewa. Anayeisimulia haifichi gharama: familia nzima inahangaika, kisomo kinasomwa, mgonjwa anakonda.

New Moon inaikaribia gharama hiyo, kisha inaipamba. Bella anagundua kwamba akijitia hatarini anaisikia sauti ya Edward, basi anaendesha pikipiki ovyo, na baadaye anajirusha baharini kutoka jabalini. Hapo funga kitabu mzungumze. Muulize binti yako: sauti ile ni ya Edward, au ni huzuni yake mwenyewe inayosema? Nani aliyemtoa majini? (Ni Jacob.) Mwache ajibu kwa maneno yake, usimkatize.

Na ukimwona binti mwenyewe hali, halali, anakwepa watu, au anasema hataki kuishi, hilo usiliachie kitabu. Kaa naye karibu na mpeleke kwa daktari au mshauri siku hiyo hiyo.

*Naweza kuruka moja kwa moja hadi cha tatu? (Msomaji, Shela)*

Hapana. Utawakuta Volturi, wale wanyonya damu wa Italia wanaowatawala wenzao, bila kuwajua, na hutaelewa kwa nini Jacob ana uchungu vile. Ukibanwa na muda, anzia pale Bella anapompelekea pikipiki.

*Ninaandika hadithi ya msichana wa kwetu na kijana wa kijini. Sehemu ya kwanza imekwenda, ya pili imenishinda: jini kaondoka na sina la kuandika. (Mwandishi chipukizi, Matondoni)*

Huna la kuandika kwa sababu umemweka msichana dirishani. Mtoe. Uko Matondoni, kwa mafundi wa majahazi! Mpeleke ufukweni kwa babake anayekalafati, yaani anayeziba mianya ya mbao, awe anasokota pamba na kumpa, vidole vimemshika mafuta, ajifunze kuusikia ubao uliojaa vizuri kwa mlio wa nyundo. Mpe mtu wa kubishana naye pale. Ampe na kazi itakayoharibika asipokuja kesho yake.

Kisha jini arudi, kwani wasomaji wako watamtaka. Lakini amkute msichana ana shughuli, na jahazi linangoja maji yajae lishushwe. Amuulize alikuwa wapi, na jini asijibu katika sura hiyo hiyo. Akitaka kusamehewa, kwanza apoteze kitu ambacho sehemu ya tatu haitaweza kumrudishia. Kitu gani, hilo utaliamua wewe. Ukishaiandika sura hiyo, nitumie niisome.