Ramani ya kontua na nukta za simu katika Mlima Rungwe

Ndugu, umeuliza kama ramani ya kipimo cha 1:50,000 inatosha kwa kupanda Mlima Rungwe, na kwa nini nukta za simu yako (mahali zinapooneshwa na GPS) haziangukii mahali pake kwenye ramani hiyo.

Nianze na nukta, kwa sababu hapo ndipo penye hatari. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa rejea, yaani msingi wa kupimia mahali duniani, uitwao Arc 1960, ilhali simu hutumia mfumo mwingine, WGS84, na tofauti ya mifumo hiyo miwili kwa eneo letu ni karibu mita 300, hasa kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini. Kwenye karatasi hiyo ni milimita sita tu, lakini katika miteremko ya Rungwe inatosha kukuhamishia ng'ambo ya korongo. Soma maandishi ya pembezoni mwa ramani, kisha ubadilishe mpangilio wa programu yako ulingane nayo. Ukiulizwa zoni ya UTM, yaani kanda ya gridi ya ramani, yetu ni 36 Kusini.

Kwa kupanga safari, ramani hiyo inafaa sana. Kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, zinapobanana, mteremko ni mkali. Zinapopinda kama herufi V yenye ncha kuelekea juu, hapo ni bonde, na mara nyingi kuna kijito. Hata hivyo, njia za msituni hubadilika upesi kuliko karatasi, kwa hiyo nakushauri kwa dhati uchukue mwongozaji mwenyeji kupitia ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), inayosimamia hifadhi ya msitu wa mlima huo.