Usiweke kalikiti juu ya dawa

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata, pamoja na ile picha ya harusi ya mwaka 1987 uliyoitoa kwenye albamu. Umeuliza mambo mawili: ilikuwaje watu wazima, wanaume kwa wanawake, wakakubali kutembea na vichwa vinavyochuruzika mafuta, na kama unaweza kuweka kalikiti, yaani ule mtindo wenyewe wa mawimbi ya dawa yanayong'aa mafuta, kwa ajili ya sendofu ya rafiki yako, kwa kuwa waalikwa wote mmeambiwa mje kama watu wa miaka ya 1980. La pili lina haraka, naanza nalo. Usiweke. Kichwa chako kina dawa.

Dawa unayonyooshea nywele na dawa ya kalikiti hazikai kichwa kimoja. Yako ni ya jamii ya haidroksaidi. Inavunja vifungo vya salfa vilivyo ndani ya unywele, na vikishavunjwa hivyo havirudi. Ya kalikiti inaitwa thayo kwa kifupi. Hiyo inavifungua vifungo vilevile, halafu nyutralaiza inakuja kuvifunga upya kwa umbo la rola. Sasa nywele zilizokwisha pitia haidroksaidi zina vifungo gani vya kufunga? Zinalainika kama tambi zilizopitiliza jikoni, ukivuta zinarefuka, kisha zinakatika. Mara nyingi zinakatika kwenye sinki wakati wa kusuuza, konzi nzima mkononi mwa msusi. Hata dawa iwe ya mwaka jana, nywele hizo hazijabadilika. Njia pekee ni kuotesha mpya na kukata za zamani.

Jina lenyewe la kalikiti ni la boksi la dukani. Marekani, mtindo huo ulikuwa wa saluni na wa gharama kubwa, na wenyewe waliuita Jheri curl, kwa jina la Jheri Redding aliyebuni dawa zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Comer Cottrell na kampuni yake ya Pro-Line wakauza boksi la kufanyia nyumbani, likiitwa Curly Kit. Huku kwetu jina la boksi likawa jina la mtindo. Ukitazama picha za Michael Jackson za 1983 na 1984, ndizo nywele zenyewe.

Ilivyofanywa, kwa nywele ambazo hazijawahi kuguswa na dawa: kwanza kichwa kisikunwe wala kuoshwa kwa nguvu siku mbili tatu kabla, kwa sababu mkwaruzo mdogo tu unaungua. Mafuta mazito ya mgando yanapakwa kuzunguka paji la uso, masikio na kisogo. Nywele zinagawanywa mafungu manne, na krimu ya thayo inaanzia kisogoni, inachanwa taratibu kwa mgongo wa kichana mpaka zilegee na kulala. Zinasuuzwa. Kisha inakuja losheni ya thayo iliyo nyepesi zaidi, na kila kifungu chembamba kinakunjwa kwenye rola nyembamba kama penseli, ncha ikifunikwa kikaratasi. Kichwa kimoja kinameza rola 60 hadi 80. Kofia ya plastiki, halafu joto la draya kwa dakika 15 hadi 20. Msusi anafungua rola moja: unywele ukikaa kama herufi S iliyokolea, umeiva. Zinasuuzwa zikiwa bado kwenye rola, zinakaushwa kwa taulo, ndipo zinamwagiwa nyutralaiza.

Hapo kwenye nyutralaiza ndipo wengi waliharibu. Maji yasipokaushwa vizuri kwa taulo, dawa inapungua nguvu. Mtu akifungua rola kabla ya dakika kumi, vifungo havijafunga. Anatoka saluni kapendeza, baada ya wiki mbili nywele hazijulikani kama zimenyooka au zimejikunja.

Kuhusu kuchuruzika: mawimbi yale yalidumu, lakini nywele zilibaki kavu sana, kwa hiyo kila siku zilipuliziwa maji yenye glisarini na kupakwa mafuta. Glisarini huvuta unyevu wa hewani. Katika jiji la pwani kama Dar es Salaam au Mombasa unyevu haupungui, basi kichwa kiliendelea kunywa hewa hadi kidondoshe. Vipimo vya boksi viliandikwa kwa hali ya hewa nyingine. Mtu wa pwani alihitaji nusu ya alichokuwa anajipaka. Nasema haya kwa sababu watu wanaucheka mtindo wenyewe, na mimi naona mtindo ulikuwa mzuri. Kilichouharibu ni mkono mzito. Kola za mashati, foronya na migongo ya makochi ndiyo yaliyoumia. Na bidhaa hazikuwa rahisi kupatikana. Tanzania ililegeza uingizaji wa bidhaa mwaka 1984, na kabla ya hapo hata sabuni ilikuwa ya kutafuta, kwa hiyo aliyepata chupa aliitumia aonekane anayo.

Wewe fanya hivi. Jioni ya kuamkia sendofu, osha nywele na utie stimingi. Zikiwa bado mbichi, paka losheni ya kuseti, si thayo, na ukunje kwenye rola zilezile nyembamba, kama 60. Lala nazo, au kaa chini ya draya ya joto la wastani kwa saa moja na nusu. Zikauke kabisa hadi katikati ya rola. Unywele wenye ubichi hata kidogo ukifunguliwa unalegea hapohapo.

Kisha zingatia hili kuliko yote: usipulizie maji wala glisarini. Kalikiti ya kweli ililowana bila kupoteza umbo, ila mawimbi yako yameshikwa na ukavu tu. Ukitaka ule mng'ao, tumia mafuta ya kupulizia yasiyo na maji, ukiwa umbali wa mkono mmoja, mbali na jiko na mishumaa maana yanashika moto. Fungua rola ukiwa umeshavaa, tenganisha kwa vidole, kichana kisiguse. Mbele na pembeni ziwe fupi, nyuma ziguse kola. Kama hutaki kukata, bana za pembeni kwa pini ndani kwa ndani.

Blauzi iwe na sponji za mabegani. Nene sentimita moja na nusu inatosha, itokeze upana wa kidole tu nje ya mshono wa bega. Ishone kwa nyuzi tatu za kushikiza, uitoe kabla ya kufua, la sivyo inajikunja na hairudi.

Doa la mafuta likiingia kwenye kola, usianze na maji. Nyunyiza poda, iache nusu saa inyonye, ikung'ute, ndipo upake sabuni ya maji ya vyombo na kufua kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyostahimili.

Rola nyembamba zipo, dazeni tano, kwenye boksi la bati chini ya kabati la kioo. Mipira ya baadhi imelegea, ijaribu moja moja kabla hujaanza kukunja.

Mama yako