Glock yangu imelia yenyewe, nibadilishiwe springi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina duka la vipuri hapa Ngamiani, Tanga, na namiliki Glock 19 kwa leseni. Juzi jioni mvua inanyesha, nafunga duka, nikaichomeka kiunoni ndani ya jaketi la mvua, ikalia yenyewe. Risasi imepita kando ya paja ikatoboa sakafu, Mungu kanisitiri. Kidole changu hakikuwa kwenye traiga, naapa. Jamaa mmoja anayejua kufungua silaha anasema springi zimechoka. Atazikata aziweke sawa, kisha anifungie sefti (kizuizi cha usalama) ya kidole gumba kama za bastola za zamani. Mitandaoni nako naona Wamarekani wanalalamika bastola zao zinajifyatua. Nimpe kazi?

JIBU: Marahaba, bwana. Usimpe. Na kituo cha polisi umekwenda? Barua yako yote haikitaji. Risasi iliyolia katikati ya mji inaripotiwa hata kama iliyoumia ni sakafu peke yake. Ukimaliza huko ndipo tuzungumze ufundi.

Neno linalonichosha ni hilo “yenyewe”. Kila inayoletwa mezani kwangu imelia yenyewe. Bado sijaletewa iliyolia kwa sababu ya mwenyewe. Wewe nakuamini kwamba kidole hakikuwepo, na bado siamini kwamba ilijifyatua. Traiga haikijui kidole. Inachojua ni kuvutwa.

Glock 19 ina sefti tatu na hakuna hata moja unayoiwasha au kuizima kwa mkono. Moja ni ule ulimi mdogo katikati ya traiga. Ya pili ni kipande cha chuma ndani ya slaidi, ile sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele, kinachoziba njia ili pini inayoigonga risasi isiifikie. Ya tatu inashikilia mkia wa pini usichomoke kwa mtikisiko. Zimewekwa kwa ajili ya kuanguka, kugongwa na kutikiswa. Traiga ikivutwa zote tatu zinafunguka, moja baada ya nyingine, kwa sababu ndivyo zilivyoundwa. Uzito wa kuivuta ni kama kilo 2 na nusu tu. Kidumu cha maji cha lita 3 kinazidi hapo.

Sasa rudi kwenye jaketi lako. Majaketi mengi ya mvua yana kamba ya kukazia kiunoni, na mwisho wa kamba pana kile kidude cha plastiki. Kidude kikiingia mbele ya traiga nawe ukaisukuma bastola chini, bastola inashuka, kidude kinabaki pale pale. Kamba imefanya kazi ya kidole. Pindo la shati linaweza kufanya hivyo hivyo, hata kitanzi cha funguo. Ala, yaani mfuko wa kubebea bastola, hukuitaja popote, kwa hiyo nachukulia hukuwa nayo. Ala ngumu inayofunika traiga yote ndiyo sefti ya nne ya bastola ya aina hii, na ndiyo watu wanayoikwepa kwa sababu inaonekana chini ya shati.

Kosa kubwa ni kuidhania sefti kuwa kufuli: imefungwa au imefunguliwa, basi. Kila sefti inazuia kitu chake. Colt ya 1911 ina ya kidole gumba na nyingine nyuma ya mpini inayotaka kushikwa kwa kiganja, lakini loki ya kuzuia pini ilikuja kuongezwa miaka ya 1980. TT-33 ya Warusi ilitoka kiwandani haina sefti ya mkono kabisa. Ina nusu-koki tu, yaani nyundo kusimamishwa katikati ya safari yake, na mwenye akili haitegemei. Rivolva za kale za mtindo wa Colt ya 1873 zilibebwa tundu moja likiwa tupu chini ya nyundo, maana nyundo ikigongwa tu, risasi inalia. Hizo ndizo “bastola za zamani” anazokusifia jamaa yako.

Glock yenye sefti ya kidole gumba ipo, lakini inatoka nayo kiwandani. Haitobolewi kwa drili kwenye fremu ya plastiki.

Hao Wamarekani unaowasoma wana kesi ya kweli na wana kelele. Bastola ya SIG Sauer P320 iligundulika mwaka 2017 kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kulia. Traiga yake ilikuwa nzito, na bastola ikitua ghafla, traiga iliendelea na safari, kama abiria wa daladala dereva akikanyaga breki. Kampuni ikatoa marekebisho, traiga nyepesi ikiwemo. Baada ya hapo zimekuja kesi za watu wanaosema imelia ndani ya ala bila kuguswa. Kampuni inakana, na mwaka 2024 mabaraza mawili ya mahakama yaliwapa walalamikaji fidia ya mamilioni ya dola. Mwaka 2025 kikosi kimoja cha jeshi la anga la Marekani kilisimamisha aina yake ya kijeshi, M18, baada ya askari kufa. Wiki chache baadaye askari mwingine akakamatwa kuhusu kifo hicho, na tuhuma mojawapo ilikuwa kutoa maelezo ya uongo. Bastola zikarudishwa kazini. Kwa hiyo hata huko neno “yenyewe” linapimwa kwanza. Tena yako si P320.

Mimi sisemi chuma hakikosei. Pini iliyonata ikiwa imetokeza mbele inaweza kuilipua risasi slaidi inapofunga, na hewa yetu hii ya chumvi, pamoja na wanaomimina mafuta ya nazi mle ndani (nimeyanusa, usibishe), inasaidia sana. Lakini hiyo hulia wakati wa kukoki, si wakati wa kuchomeka kiunoni.

Hatari ninayoiona zaidi ni tupa. Niliwahi kuletewa bastola ya nyundo kutoka shamba la mkonge, nayo eti imelia yenyewe. Nikaijaribu tupu: slaidi inafunga, nyundo inaifuata chini. Kumbe fundi baiskeli alikuwa amesaga jino linaloshikilia nyundo ili traiga iwe laini. Mwenye nayo alimlipa na kumshukuru. Hiki kiherehere cha traiga laini kimeingia hata kwa walinzi. Na springi hazikatwi. Ile ya pini ikikatwa, siku ya jambazi utasikia “tik” na kimya. Ile ndogo inayosukuma loki ya pini ikikatwa, loki inaweza kubaki wazi, na hapo ndipo utakapokuwa na bastola ya kulia ikianguka, kwa gharama yako mwenyewe. Halafu anayetengeneza silaha bila kibali anavunja Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, nawe ndiye uliyemkabidhi.

Polisi wakishairuhusu, ilete kama ilivyo, bila risasi, usiifute wala kuitia mafuta. Nieleze pia kama ganda lilitoka au lilibaki chemba, maana slaidi iliyobanwa na nguo mara nyingi hushindwa kulitupa. Na jaketi njoo nalo. Usilifue, na kamba usiikate mpaka niione.