Stima ikirudi, SonarQube haiamki

SWALI: Habari fundi. Tuko ofisi ndogo hapa Ngara, tumeweka SonarQube kwa Docker (ile huendesha programu ndani ya kontena, yaani kifurushi kilichojitenga) kwa kompyuta moja ya Ubuntu itukagulie msimbo. Shida ni stima, kila ikipotea ikirudi kontena inawaka kidogo halafu inazima. Kuna mwenzetu hupiga amri ya sysctl, ile ya kubadilisha mipangilio ya Linux, inafufuka, lakini akiwa likizo tunakaa tu. Juzi nikachoka nikafuta kontena nikaunda nyingine, bado inazima, na alipokuja akaiwasha tukakuta miradi yote imeenda! Tufanyeje?

JIBU: Pole sana, lakini kontena haina makosa. Ndani ya SonarQube kuna Elasticsearch, injini yake ya kutafuta, na hiyo hukataa kuwaka kama vm.max_map_count (idadi ya vipande vya memori programu inaruhusiwa kushika) iko chini ya 262144, na kawaida ya kernel ya Linux, ule moyo wa mfumo, ni 65530. Sasa kontena haina kernel yake, inatumia ya hiyo mashine yenu, ndo maana ata ukiunda kontena mia haitasaidia kitu. Amri ya mwenzenu inapandisha hiyo namba sawa, lakini inakaa kwa memori tu, mashine ikizima imesahau. Andika vm.max_map_count=524288 kwa faili ndani ya /etc/sysctl.d, jina liishie na .conf, kisha piga sudo sysctl --system na huyo jamaa aende likizo yake kwa amani.

Miradi kupotea ni hadithi ingine. Inaonekana hamkuwa na databesi ya nje, so ilikuwa inatumia ile ndogo ya H2 inayokuja nayo, ikakaa ndani ya kontena na ikaenda nayo ulipoifuta, na hiyo ni ya kujaribia tu (kuna onyo huwa chini ya ukurasa, hakuna mtu husoma). Ongeza kontena ya PostgreSQL, hiyo ndiyo databesi ya nje, kwa faili ya compose (ile hueleza kontena zenu), na kwa SONAR_JDBC_URL, anwani ya databesi, mahali pa jina la mashine weka jina la hiyo servisi, sio localhost, juu localhost ndani ya kontena ni kontena yenyewe. Kisha upe PostgreSQL volyumu yake, yaani hifadhi inayobaki ata kontena ikifutwa, na SonarQube volyumu za data, extensions na logs. Na tafadhali mtu asizoee kupiga docker compose down -v, hiyo -v inafagia volyumu pia.

Msimbo wenu uko salama, SonarQube huusoma tu, mlichopoteza ni historia na zile alama mlizoweka kwenye makosa iliyoyapata. Ingia na admin/admin, itakulazimisha kubadilisha pasiwedi, halafu tengeneza tokeni mpya (funguo za kuingilia) za skana, ile programu hutuma msimbo ukaguliwe, zile za zamani zilienda na databesi.