Kwako Uliyesingiziwa: Zitazame Nyuso za Walio Kifungoni Pamoja Nawe

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia ujumbe mrefu. Ameachishwa kazi kwa kosa ambalo hakulitenda. Amefunga, amekesha, ametoa sadaka, na mlango haujafunguka. Mwisho wa ujumbe akauliza: "Dada, nakosea wapi?" Swali hilo lilininyima usingizi, maana niliwahi kuliuliza mimi pia, na niliowauliza walinijibu vibaya sana. Ameniruhusu nimjibu hapa, kwa kuwa najua hayuko peke yake.

Mimi nilikuwa mtunza fedha. Kazi yangu nilikuwa naijua, na nasema hivyo bila haya: vitabu vyangu vilikuwa safi, kila risiti mahali pake. Siku moja fedha zikaonekana zimepungua. Wenye ufunguo wa kabati hatukuwa mmoja wala wawili, lakini jina lililotajwa lilikuwa langu. Nikaitwa, nikaambiwa niweke funguo mezani, nikasaini karatasi ya makabidhiano huku mtu niliyekuwa nakula naye mchana kila siku akinisimamia kama mwizi. Usoni hakunitazama hata kidogo. Alikuwa anautazama mkono wangu ukiandika, nadhani aone kama unatetemeka. Ulikuwa unatetemeka.

Miezi iliyofuata sitawachosha nayo. Aliyewahi kukosa mshahara anaijua. Nitasema lililoniuma kuliko mshahara. Kikundi changu cha maombi kilikuja kunitembelea. Tuliimba, tukaomba, kisha mmoja wao, mtu mzima ninayemheshimu, akanishika mkono akasema, "Mwanangu, Mungu si dhalimu. Jichunguze, kuna kitu umekificha." Wengine wakaitikia amina. Tangu siku ile simu yangu ikanyamaza. Leo tukikutana tunasalimiana vizuri na nimewasamehe, lakini sitaki kuwadanganya: maneno yale bado nayasikia.

Ndiyo maana, mdogo wangu, jibu langu la kwanza ni kwamba huenda hukosei popote. Kisome kitabu cha Ayubu mpaka mwisho. Rafiki zake walifanya vema zile siku saba za kwanza, walipoketi naye chini bila kusema neno. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Na Mungu alipokuja kusema, alimwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Huyu ni Ayubu yuleyule aliyeilaani siku aliyozaliwa! Yeye ndiye aliyeambiwa awaombee wale waliokuwa wanamhubiria toba. Kwa hiyo mlalamikie Mungu. Mwambie kama ilivyo, usipambe. Anayemlalamikia Mungu bado anazungumza na Mungu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Sote tunaikariri Warumi 5, kwamba dhiki kazi yake ni kuleta saburi, na saburi uthabiti wa moyo, na uthabiti wa moyo tumaini. Ni neno la kweli na mimi ni shahidi wake. Lakini tunalihubiri kana kwamba ukishaingia tu kwenye shida utatoka umekomaa, kama vile dhiki inafanya kazi hiyo yenyewe. Sivyo. Nimewaona watu wa Mungu waliopita kwenye shida nzito wakatoka wakali, wenye wivu, wasioweza kufurahia harusi ya mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa naelekea huko. Kila aliyenisimulia shida yake, moyoni nilimjibu, "Hiyo ni shida? Ngoja nikwambie yangu."

Aliyenigeuza ni Yusufu, na si ule Yusufu wa mahubiri ya kutoka gerezani mpaka ikulu. Huyo nilikuwa nimemchoka. Tunakimbilia sana mwisho wa habari yake. Alikuwa na umri wa miaka 17 habari yake inapoanza, kabla ndugu zake hawajamuuza, na miaka 30 aliposimama mbele ya Farao. Tunairuka miaka yote ya katikati kwa sentensi moja ya "lakini Mungu alikuwa naye". Ni kweli alikuwa naye. Biblia inasema hivyo akiwa gerezani, na mlango wa gereza ukabaki umefungwa.

Humo ndani, Mwanzo 40, kuna asubuhi moja. Yusufu amefungwa kwa uongo wa mke wa Potifa. Wamo pia mnyweshaji na mwokaji wa Farao, na usiku wameota ndoto. Yusufu anaingia asubuhi, anawatazama, anaona wamefadhaika. Anawauliza: mbona nyuso zenu zimekunjamana leo?

Nilikuwa nimekisoma kisa hicho tangu shule ya Jumapili bila kuliona swali hilo. Mtu aliyeuzwa na ndugu zake, akasingiziwa, akatupwa kifungoni, bado anatambua kwamba uso wa mwenzake leo si kama wa jana! Mtu ambaye moyo wake umeshakuwa mchungu haulizi swali kama hilo. Anasema, nyuso zenu zimekunjamana? Wangu je? Tabia ya Kristo ilikuwa imeshakua ndani ya Yusufu kabla hajavaa pete ya Farao. Ikulu haikumfanya Yusufu. Ilimkuta ameshakuwa Yusufu.

Wakati huo nilikuwa nimepata kibarua cha kuandika hesabu za karakana ya ushonaji. Kulikuwa na kijana mmoja, fundi mzuri, mwenye mkono mwepesi. Siku hiyo alishona bega la gauni, akalifumua. Akashona tena, akafumua tena, nyuzi zimejaa magotini, mguu umesimama kwenye pedali bila kukanyaga. Kwa kawaida ningeendelea na daftari langu. Nikakumbuka lile swali. Nikamwuliza, "Mdogo wangu, una nini leo?" Akaniambia mama yake amelazwa tangu usiku, na yeye ameogopa kuomba ruhusa asije akafukuzwa. Nikaenda kumwombea ruhusa kwa mwenye karakana, nikamsindikiza hadi mlangoni. Hali yangu haikubadilika siku hiyo kwa lolote. Ila nilirudi nyumbani nikagundua kwamba kwa saa kadhaa sikuwa nimefikiria funguo zile mezani, na usiku nikaweza kuomba bila kujitaja.

Basi, mpendwa, fanya hivyo. Kila siku tafuta uso mmoja uliokunjamana. Kwenye foleni, kwenye daladala, ibadani, nyumbani kwako. Uliza, kisha usikilize, na usimsimulie yako. Ukishindwa leo, kesho uliza tena. Huduma ndogo uliyokuwa ukiifanya usiiache; kama ulikuwa unafagia kanisa, fagia. Na ule, ulale. Eliya alipotamani kufa, malaika alimpa mkate na maji akamwacha alale, kisha akamrudia kumlisha tena, na safari ikafuata baada ya hapo.

Kuuliza habari za wengine hakumaanishi ujifanye huumii. Yusufu huyohuyo alimwambia mnyweshaji waziwazi kwamba aliibiwa kutoka kwao na kwamba hakutenda neno lolote la kutiwa gerezani, akaomba anenewe kwa Farao. Mnyweshaji akamsahau, miaka miwili mizima. Lakini aliomba.

Wala saburi haimaanishi kunyamazia uonevu. Hapa naomba Wakristo tusikilizane. Paulo na Sila walipigwa hadharani mjini Filipi bila kuhukumiwa. Usiku waliimba, na mlinzi wa gereza akaokoka. Asubuhi wakubwa wa mji wakatuma watu wawaachie kimyakimya. Paulo akakataa! Sisi ni Warumi, akasema, wametupiga mbele ya watu, sasa wanatutoa kwa siri? Waje wenyewe. Na wakaja.

Hesabu zetu zilipokaguliwa upya na jina langu likaonekana safi, nilipigiwa simu. Maneno mawili matatu ya pole, basi. Niliwashukuru, kisha nikasema nahitaji barua yenye sahihi na muhuri. Walisuasua. Nilirudi, nikarudi tena, kwa heshima, bila kumtukana mtu, mpaka nikaipata.

Kwa hiyo leo jioni, mdogo wangu, omba, kisha andika. Eleza ulishtakiwa nini, lini, mbele ya nani, na kwamba unaomba ukaguzi na stahili zako. Mpe mtu anayejua sheria za kazi aipitie. Peleka mwenyewe, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hujaondoka mapokezi.